Mbona Ngege Hanywi Maji?

Kuna ubishi usiokwisha katika vibanda vya samaki vya Mamboleo, pale njia ya kwenda Kakamega inapoachana na ile ya Miwani. Ataingia mgeni kutoka pwani, aagize ngege wa kukaanga na ugali, na kabla hajamgeuza samaki upande wa pili atakuwa ameanza kujisifu: samaki wetu wa baharini ni mtamu kwa sababu amelelewa ndani ya chumvi, huyu wenu wa maji baridi ni chapwa. Mwenyeji naye hatakubali. Basi hapo kila mtu atatoa ushahidi wake, na ugali utapoa mezani.

Kusema kweli, samaki wa baharini akitoka majini hana chumvi ya kumzidi huyu wa ziwani. Mchemshe changu mbichi bila kumtia chochote, mchemshe na ngege vivyo hivyo, kisha uonje. Wote ni chapwa. Mgeni wetu pengine anamkumbuka samaki aliyekaushwa kwa chumvi, na chumvi hiyo ilitoka dukani.

Lakini hebu tulitazame jambo lenyewe, kwa maana lina ajabu yake. Chukua lita moja ya maji ya bahari pale Mombasa uyachemshe hadi yakauke. Utabaki na gramu 35 hivi za chumvi, karibu vijiko sita vya chai. Chukua sasa lita moja ya maji ya Ziwa Victoria uyafanye hivyo hivyo. Kitakachobaki ni kama sehemu moja ya kumi ya gramu, vumbi la kufuta kwa kidole. Halafu pima damu ya changu na damu ya ngege. Zote mbili zina chumvi inayokaribiana, kiasi cha gramu tisa au kumi kwa lita. Ndicho kiasi kilichomo katika damu yako wewe msomaji, na ndicho kilichomo katika ile chupa ya maji ya dripu anayotundikiwa mgonjwa hospitalini.

Maana yake ni kwamba samaki wa baharini anaishi ndani ya maji yenye chumvi zaidi ya mara tatu ya damu yake, na wa ziwani anaishi ndani ya maji ambayo chumvi yake haifiki hata sehemu moja ya themanini ya ile iliyo damuni mwake. Hakuna hata mmoja aliye nyumbani. Kila mmoja anapigana na maji yanayomzunguka tangu anapoanguliwa hadi anapoingia wavuni. Leo tutamfuata zaidi huyu wetu wa maji baridi, kwa sababu vita vyake ndivyo vinavyowahusu wengi kando ya ziwa hili, wakiwemo wale wanaopoteza pesa zao kila mwaka bila kujua samaki wao wamekufa kwa nini.

MAHARAGWE NA KACHUMBARI

Hakuna haja ya maabara kuelewa vita hivyo. Nenda jikoni. Mama akiloweka maharagwe usiku, asubuhi huyakuta yamefura. Maji yameingia ndani kwa sababu ndani ya punje kuna vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko katika sufuria. Siku nyingine anakata vitunguu vya kachumbari, anavinyunyizia chumvi, na baada ya dakika chache bakuli lina maji ambayo hakuna aliyeyamimina. Maji yametoka ndani ya kitunguu kuifuata chumvi. Wataalamu huita tabia hiyo osmosisi. Maji hupita katika ngozi nyembamba kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi, wala hayaombi ruhusa.

Ngege ziwani ni haragwe katika sufuria. Angefaa kufura mpaka apasuke. Magamba na ule ute unaoteleza mkononi humkinga sehemu kubwa ya mwili, lakini hawezi kujifunika kote kwa sababu lazima apumue. Matamvua yake, zile nyuzi nyekundu zilizo chini ya kifuniko cha shavu, yana ngozi nyembamba mno ili hewa iliyoyeyuka majini ipate kuingia damuni. Na mlango unaopitisha hewa hupitisha maji pia. Usiku na mchana maji huingia kwa nguvu za osmosisi, na wakati huo huo chumvi ya damu hutoroka ikienda ziwani.

Kwa hiyo ngege hanywi maji. Utamwona akifungua na kufunga mdomo kama mtu anayegugumia, lakini maji yale hupita juu ya matamvua na kutokea ubavuni. Yanayomezwa ni machache, mengi yakiwa ni yale yanayoshuka pamoja na chakula. Anywe ya nini mtu ambaye nyumba yake inavuja kila upande?

Kazi ya kutoa maji hayo ni ya figo. Mvuvi ambaye mtumbwi wake una tundu hana muda wa kupumzika, huku anavuta nyavu na huku anachota maji kwa mkebe na kuyamwaga nje. Figo za samaki wa maji baridi ni mkebe huo. Wapo samaki ambao kwa siku moja hutoa mkojo unaofikia sehemu moja ya kumi ya uzito wao, na wengine hufikia hata theluthi. Mtu wa kilo 70 angekuwa hivyo, angetoa lita saba kwa uchache kila siku, na kazi zote za ofisini zingesimama. Mkojo huo ni mwepesi sana, karibu maji matupu, kwa sababu kabla haujatoka figo huchambua na kurudisha chumvi damuni punje kwa punje.

Hata hivyo figo haziwezi kurudisha yote, na matamvua nayo yanavuja. Samaki angetegemea figo peke yake angeishiwa chumvi. Chakula humsaidia, maana kila mdudu na kila jani analokula lina chumvi kidogo. Lakini samaki anaweza kukaa siku nyingi bila kula na asife kwa kukosa chumvi. Huipata wapi?

Jibu lilipatikana katika miaka ya 1930, na aliyelitoa alikuwa mwanasayansi wa Denmark, August Krogh, ambaye tayari alikuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1920 kwa uchunguzi wake wa mishipa midogo ya damu. Krogh aliwaweka samaki, vyura na wanyama wengine wa maji baridi katika maji yasiyo na chumvi kabisa mpaka wakapungukiwa. Kisha aliwahamishia katika maji yenye chumvi kidogo mno, akayapima saa hadi saa. Chumvi ile ilipungua majini. Wanyama walikuwa wakiinyonya kutoka mahali palipo na kidogo sana na kuiingiza mahali palipokwisha kujaa. Hiyo ni sawa na kupandisha maji mlimani, hayapandi bila pampu, na pampu haiendi bila mafuta.

Pampu zenyewe ni seli maalumu zilizo katika matamvua. Hula nguvu nyingi, nazo hufanya biashara ya kubadilishana vitu kama walivyofanya wazee wetu kabla ya sarafu. Samaki ana taka za kutupa: amonia inayotokana na chakula, tindikali, na hewa chafu ya kupumua. Seli hutoa taka hizo, na badala yake huingiza sodiamu na kloridi, yaani vile vitu viwili vinavyofanya chumvi ya mezani. Ninavyoona mimi, hakuna mfanyabiashara wa Kibuye awezaye kufanya biashara nzuri kuliko hiyo, ya kulipa kwa takataka na kupokea mali.

Ziwa lenyewe lilipataje kuwa na chumvi kidogo hivyo? Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria ni mvua inayoanguka moja kwa moja juu yake, na mvua haina chumvi ya kutajika. Tena ziwa lina mlango wa kutokea. Pale Jinja maji huondoka na kuwa mto Nile, yakichukua na chumvi iliyoletwa na mito. Maziwa yasiyo na mlango hubaki na kila kitu. Turkana halina mlango, na maji yake yana chumvi na magadi kiasi cha mdomo kutambua, ingawa mbuta anaishi humo tangu zamani. Nakuru na Magadi ni makali zaidi. Na huna haja ya kwenda Bonde la Ufa. Pale karibu na Kendu Bay, hatua chache tu kutoka Ziwa Victoria, kuna Simbi Nyaima, kile kiziwa cha shimoni ambacho hadithi husema ni kijiji kilichozama baada ya kumnyima bibi kizee hifadhi. Maji yake ni ya magadi. Heroe hutua humo kwa maelfu, lakini mvuvi hana analolitafuta.

WENGINE WALIO VITANI

Si samaki peke yao. Kaa wa mtoni, konokono, chura na mdudu wa majini, kila mmoja ana pampu yake. Chukua viluwiluwi wa mbu wanaochezacheza katika pipa la maji ya mvua nyuma ya nyumba. Maji ya mvua ndiyo maskini kuliko yote. Mwishoni mwa mkia wa kiluwiluwi kuna vijani vinne vidogo vyeupe, na Mwingereza Vincent Wigglesworth alionyesha katika miaka hiyo hiyo ya 1930 kwamba vijani hivyo hunyonya chumvi. Kiluwiluwi akikuzwa katika maji yasiyo na chumvi, vijani vyake hurefuka, kama mtu anayerefusha mkono kufikia kitu kilicho mbali.

Kuna na adui mwingine wa ufuoni anayetumia tofauti hii ya chumvi kama saa. Mayai ya kichocho yakiwa ndani ya mwili wa binadamu hayaanguliwi, na chumvi ya mwili ni mojawapo ya mambo yanayoyazuia. Yakitoka na choo na kuangukia maji ya ziwa, yaliyo mepesi, hupasuka baada ya muda mfupi, na kijidudu huogelea kwenda kumtafuta konokono. Ndiyo maana choo kilichochimbwa mbali na ufuo kina thamani kuliko watu wanavyodhani.

Baharini vita ni vile vile ila vimegeuzwa. Changu ni kitunguu katika kachumbari, maji yake humtoka. Yeye hunywa kweli, hunywa bahari yenyewe, kisha seli za matamvua yake hutupa chumvi nje badala ya kuiingiza. Seli hizo zilielezwa mwaka 1932 na Ancel Keys na mwenzake Willmer, waliochunguza matamvua ya mkunga. Keys ni yule yule aliyekuja kupata sifa baadaye kwa kuhubiri habari za mafuta ya chakula na ugonjwa wa moyo. Walichagua mnyama mzuri, kwa maana mkunga wa maji baridi, kama hawa walio katika mito yetu ya Tana na Athi, hukua mtoni na kwenda kuzaa baharini. Safarini lazima pampu zake zigeuke, zilizokuwa zikivuta ndani zianze kusukuma nje.

Papa naye ana ujanja wake. Hunyimana kabisa na bahari kwa kujaza damu yake yurea, ile taka ambayo sisi huitoa katika mkojo. Akifa, yurea huoza na kuwa amonia. Kama umewahi kupita karibu na papa mkavu katika soko la Mombasa ukaziba pua, sasa unajua ulinusa nini.

KAMONGO ALIVYOKWENDA MAREKANI

Katika wanyama wote wa ziwa hili, aliyewafunza wataalamu mengi kuhusu mambo haya ni yule ambaye wengine hawataki hata kumwona mezani. Kamongo ana mwili mrefu kama nyoka, mapezi kama kamba, na mdomo unaouma kweli kweli. Wako wasiomla kwa sababu ya sura hiyo, na wako wanaomsifu kuliko mbuta. Baganda humwita mamba, jina ambalo kwa Mswahili ni mnyama mwingine kabisa, na ukoo mmoja mkubwa wa Buganda humheshimu kama mwiko wake. Kamongo ana mapafu. Hupanda juu kuvuta hewa, na akinaswa wavuni chini ya maji kwa muda mrefu hufa maji kama mtu.

Mwaka 1928 Mmarekani mmoja, Homer Smith, wa Chuo Kikuu cha New York, alifunga safari hadi Afrika kumtafuta. Smith alikuwa mtaalamu wa figo. Alitaka kujua figo hufanya nini mnyama wa maji anapokosa maji. Aliwapata kamongo wa Ziwa Victoria, akawachunguza wakiwa macho na wakiwa wamelala ndani ya matope makavu. Kamongo wa ziwani hana haja ya kulala hivyo mara nyingi, kwa kuwa ziwa halikauki, lakini uwezo anao. Kinamasi kikikauka hujichimbia matopeni, hujikunja, ute wake hukauka na kuwa kama mfuko wa karatasi, akabakiza tundu la kupumulia. Maabarani wamelala zaidi ya miaka mitatu na kuamka.

Akiwa majini, kamongo ana shida ile ile ya ngege: maji mengi, chumvi kidogo. Figo hufanya kazi bila kupumzika, na sehemu kubwa ya taka yake ni amonia, ambayo ni sumu lakini huondoka upesi na maji. Akilala, mambo hugeuka. Hakuna maji ya kuondolea amonia, kwa hiyo mwili huigeuza kuwa yurea, isiyo na ukali, na kuihifadhi. Figo hunyamaza. Mafuta ya taa ya uhai wake ni misuli yake mwenyewe, anayoila polepole. Mvua ikinyesha na matope yakalainika, huamka, figo hufunguka, na mzigo wote wa yurea hutolewa.

Smith alivutiwa sana na mnyama huyo hata mwaka 1932 akatoa riwaya aliyoiita Kamongo, kwa jina hilo hilo la Kijaluo. Ni vitabu vichache vya sayansi ya Marekani vilivyobeba neno la ufuoni kwetu juu ya jalada. Lakini mchango wake mkubwa ulikuwa wazo moja lililozua ubishi mrefu. Alisema kwamba figo yenye vichujio vidogo vidogo, kama ya samaki na kama yetu, ilianza kama mkebe wa kuchotea maji, kwa viumbe waliohamia mito na maziwa zamani za kale. Sisi tulipotoka majini tukabaki na mkebe ule ule.

Wataalamu wengi wa leo hawakubali hadithi yote, kwa sababu wapo samaki wa kale wa baharini ambao hawakuwahi kukaa katika maji baridi na bado wana vichujio hivyo. Mimi naona hoja yao ina uzito. Lakini hesabu ambayo Smith alipenda kuikumbusha haijabadilika. Figo za mtu mzima huchuja takribani lita 180 za maji ya damu kwa siku, kana kwamba mtu huyo anaishi ndani ya mto. Kisha hulazimika kurudisha karibu yote, asilimia 99, ili zibaki lita moja na nusu hivi za kutoka. Mgonjwa anayekaa saa nne amefungwa mashine ya kusafisha damu, mara mbili au tatu kwa wiki, anajua kazi hiyo ina thamani gani inapokosa wa kuifanya.

Nisimsahau na ndugu wa ngege aliyekwenda mbali zaidi. Katika chemchemi za Ziwa Magadi kuna samaki mdogo wa jamii ya ngege, anayestahimili maji ya moto wa kukaribia nyuzi 40 na magadi ambayo yangewaua jamaa zake. Katika maji ya namna hiyo amonia haiwezi kutoka kwenye matamvua, maji yenyewe huizuia. Mwaka 1989 watafiti walionyesha kwamba samaki huyo hutoa taka zake zote kama yurea, jambo ambalo kwa samaki wa kawaida ni nadra mno. Afanyalo kamongo usingizini, yeye hulifanya akiwa macho, mchana kutwa.

KIGANJA CHA CHUMVI

Sasa tuje kwenye pesa. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, na tangu hapo ufugaji umeingia katika familia nyingi za Kisumu na jirani zake. Wengine wameweka vizimba ndani ya ziwa lenyewe. Wote huanza kwa kununua vifaranga, na wengi huanza kwa hasara. Vifaranga hufika nyumbani wakiwa hai, huogelea vizuri jioni ile, na kesho yake au kesho kutwa huelea tumbo juu. Hapo lawama huanza: huyu ameuziwa samaki wagonjwa, yule amerogewa kidimbwi.

Mara nyingi aliyeua ni chumvi, kwa kutoroka. Samaki anapokamatwa kwa wavu, kuhesabiwa kwa mikono na kusukwasukwa barabarani, ute wake hufutika na magamba hung'oka. Sasa maji huingia kupitia vidonda. Hofu nayo huongeza: moyo hupiga, damu hujaa katika matamvua ili ipate hewa zaidi, na kila mlango anaoufungua kwa ajili ya hewa ni mlango wa chumvi kutoka. Hewa ikiwa haba ndani ya mfuko, ndivyo anavyozidi kufungua. Hafi papo hapo. Damu yake huzimuka polepole, pampu zikishindwa kufidia, mpaka misuli na moyo vinakosa chumvi ya kufanyia kazi.

Ndiyo sababu wauza vifaranga wenye ujuzi hutia chumvi katika maji ya safari, na wanunuzi wengine hudhani ni uchawi au ni ulaghai wa kuwaficha samaki wagonjwa. Gramu tatu hadi tano kwa lita zinatosha kwa ngege. Kilo moja ya chumvi ya dukani ni kipimo cha pipa la lita 200. Maji yakiwa na gramu tano na damu gramu tisa, mteremko uliokuwa mkali umekuwa mwepesi. Chumvi haitoroki kwa kasi, maji hayaingii kwa fujo, na samaki hupata nafasi ya kupumua. Mumi naye huvumilia kiasi hicho kwa safari.

Mahali pengine chumvi inapookoa ni katika kidimbwi kilichojazwa samaki kupita kiasi. Mabaki ya chakula na kinyesi hutoa amonia, na vijidudu vya majini huigeuza kuwa naitraiti. Kwa bahati mbaya pampu inayovuta kloridi haiwezi kutofautisha. Huivuta naitraiti ikidhani ni kloridi. Ikiingia, damu hubadilika rangi na kuwa ya kahawia, haiwezi tena kubeba hewa, na samaki hupanda juu kutweta hata kama maji yana hewa ya kutosha. Ukifunua shavu la samaki aliyekufa ukaona matamvua yana rangi ya chai ya maziwa badala ya wekundu, shuku hilo. Chumvi ikitiwa majini, kloridi huwa nyingi mlangoni na naitraiti hukosa nafasi. Ni tiba ya muda tu, wala haitoshi kama samaki hawakupunguzwa na maji hayakubadilishwa.

Wenye vidimbwi vinavyotegemea maji ya mvua kutoka paani wana shida nyingine. Maji hayo hayana kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayoshikanisha seli za matamvua zisiachie mianya. Chokaa ya kilimo, ikitiwa kidimbwini kabla ya samaki kuwekwa, husaidia. Afisa wa uvuvi akupimie maji kwanza, maana udongo wa Kano si udongo wa Kajulu.

Na kuna mrututu. Wakulima huutumia katika dawa za kuzuia ukungu wa nyanya na kahawa, na zamani ulimwagwa majini katika nchi nyingi za Afrika kuua konokono wa kichocho. Shaba iliyomo ndani yake huziba pampu za sodiamu za samaki. Kipimo kidogo, ambacho mtu akinywa hangehisi chochote, humaliza samaki wa maji mepesi kama yetu, kwa kuwa hakuna chumvi nyingine majini ya kushindana na shaba pale mlangoni. Anayesuuza bomba lake la kunyunyizia kijitoni, juu ya kidimbwi cha jirani, amefunga mkebe wa mvuvi asiyemwona.

Kwa atakayenunua vifaranga msimu huu, utaratibu si mgumu. Muuzaji asiwalishe kwa siku moja kabla ya safari, ili wasichafue maji ya mfuko. Wasafirishe alfajiri au jioni. Mfuko uwe na maji theluthi moja na hewa ya oksijeni theluthi mbili, na chumvi iwe imekwisha yeyuka kabla samaki hawajaingia. Ukifika, ueleeze mfuko juu ya kidimbwi kwa nusu saa bila kuufungua, joto la ndani na la nje lilingane. Kisha uingize maji ya kidimbwi kidogo kidogo, bakuli baada ya bakuli, ili chumvi ishuke polepole, uwaache watoke wenyewe. Siku ya kwanza usiwape chakula kingi, hata wakija juu kukitafuta.